Sura ya Sita: Baiskeli Sitini na Nne

Sanduku halikuwa limeharibika. Hilo ndilo lililomuudhi Nakhumicha, maana lingekuwa limeharibika angemaliza kazi kabla ya chai.

Alikuwa ameipitisha baiskeli ya Maryanne juu ya mpira mara tano, akienda na kurudi, sketi ameikunja magotini, na wauza nyanya wa Otonglo wakimshangilia kana kwamba yuko mashindanoni. Mpira wenyewe ulikuwa mweusi, mwembamba kama wa kumwagilia mboga, umelazwa kukatiza njia ya baiskeli kando ya barabara ya Busia na kupigiliwa misumari pande zote mbili. Magurudumu yakiukanyaga, hewa inasukumwa hadi kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwa mnyororo kwenye mlingoti wa taa, na sanduku linaongeza moja. Basi. Halina macho, halina masikio.

Tanvi, injinia aliyepewa kazi ya kuhesabu, alifungua kifuniko akatazama kioo kidogo.

"Tano," akasema. "Nitazitoa baadaye. Siwezi kuandika polisi mmoja kama watu watano."

"Mimi si polisi. Niliacha miaka minne iliyopita."

"Mwambie huyo mama wa nyanya. Ameshaficha mizani."

Tanvi alizaliwa na kukulia mjini Kisumu, babu yake alikuwa na kinu cha pamba, na alichanganya Kiswahili na Dholuo kama kila mtu. Alikunjua karatasi juu ya sanduku. Siku tisa, mistari tisa. Sabini na moja. Sitini na sita. Hamsini na nane. Hivyo hivyo hadi chini.

"Wastani sitini na nne kwa siku," akasema. "Wakubwa wanataka mia tatu. Isipofika, njia hii inafutwa, panakuwa maegesho. Leo ni Ijumaa, siku ya kumi, siku ya mwisho. Saa kumi na mbili jioni nafunga sanduku na kutuma namba."

"Na namba zikiwa na kasoro?"

"Kanuni iko moja tu. Siku moja ikizidi mara tatu ya wastani wa zile zingine, hesabu yote inahesabiwa kuwa imechafuka. Inatupwa, tunaanza upya. Lakini angalia hii, Madam. Imenyooka kama meza."

Maryanne alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni, kikapu cha samaki kimefungwa kwenye keria kwa mpira wa tairi kuukuu. Ndiye aliyemtafuta Nakhumicha. Mume wake, Wechuli, aligongwa na lori kwenye kona iliyo hatua mia mbili kutoka hapo, akiendesha baiskeli hii hii, wakati njia ya baiskeli ilikuwa bado maneno ya mkutanoni. Miaka miwili Maryanne alipanda ngazi za ofisi moja hadi nyingine mpaka rangi ikachorwa na mawe ya kutenganisha yakawekwa. Sasa sanduku lilisema hakuna anayepita hapo.

"Sitini na nne!" akasema Maryanne. "Yawa! Kutoka Kisian peke yake asubuhi tunatoka zaidi ya hiyo. Mtu ameiba watu wetu. Nakhumicha, nitafutie mwizi."

Nakhumicha alikuwa ameshainama. Alitembea juu ya njia ya baiskeli akirudi upande wa Kisian, macho chini. Kulikuwa na vumbi jepesi, na juu ya vumbi alama za matairi, nyingi, zimepishana kama nywele za kusukwa. Zilikuja vizuri hadi zikafika kama hatua kumi kabla ya mpira. Hapo zikapinda kushoto. Karibu zote. Mahali pa matairi pakabaki alama za viatu.

Alizifuata. Zilipita kati ya kibanda cha kinyozi na kinu cha kusaga unga, zikaingia nyuma ya vibanda. Huko palikuwa na kijia kipya, nyasi zimelala, udongo umekuwa mgumu na kung'aa. Mpita njia angedhani kimekuwepo tangu zamani. Lakini kwenye ukingo kulikuwa na mche wa sukumawiki uliokanyagwa, na majani yake hayajaoza bado.

Aliomba mahindi kiganja kimoja kwa msaga unga, akayatia mfuko wa kulia, akakaa juu ya gunia. Kila baiskeli iliyopita kijiani, punje moja ilihama mfuko wa kushoto. Mikate ilipita. Magodoro yalipita. Kuku ishirini walipita wakining'inia miguu juu, na mzee mmoja aliyevaa suti akiwa amepakia cherehani. Kila mtu alimsalimu. Hakuna aliyemwangalia machoni.

Saa moja ikaisha. Alirudi kwenye sanduku, akamwaga mfuko wa kushoto juu ya karatasi ya Tanvi.

"Mia moja arobaini na tatu. Sanduku?"

Tanvi alitazama kioo. "Saa hiyo moja? Nne."

"Basi andika!"

"Niandike nini? Mahindi?" Tanvi alirudisha punje moja iliyotaka kuanguka. "Ofisi inakubali sanduku peke yake, Madam. Nakuamini. Lakini fomu haina mahali pa mahindi."

Mbele yao kijana mmoja aliyechelewa kukata kona alifika kwenye mpira. Akasita. Akashuka, akainua baiskeli nzima mabegani kama mbuzi, akavuka mpira kwa hatua moja ndefu, akaishusha upande wa pili, akapanda na kukimbia.

"Omera!" Maryanne alimwita. Hakugeuka.

Nakhumicha alimgeukia Maryanne taratibu. "Mama. Wewe asubuhi hupitia wapi?"

Maryanne alianza kukaza kamba ya kikapu, ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

"Nakuuliza wewe."

"Nyuma," akasema Maryanne.

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Tangu siku ya kwanza." Aliinua uso. "Hii baiskeli ni ya marehemu. Leo ulipoiomba niliona aibu kukukatalia, lakini nitaonyesha karatasi gani?"

*

Dalmas alikuwa fundi wa baiskeli, na karakana yake ilikuwa mwavuli, benchi, na beseni la maji ya kutafutia pancha. Watu wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi bila baiskeli yoyote ya kutengenezwa. Wamekuja tu kukaa. Hapo ndipo habari za Otonglo zilipolala na kuamka. Nyuma yake ubao mkubwa uliegemezwa ukutani, uso ukiangalia ukuta.

"Afande karibu," Dalmas akasema.

"Hakuna afande hapa. Hilo sanduku kule, Dalmas, linafanya nini?"

Dalmas alipuliza vumbi kwenye spoki.

"Si kila mtu anajua? Linasoma chuma. Ukipita juu ya mpira linachukua namba ile iliyogongwa chini ya kiti. Siku kumi na nne. Zikiisha, wanakuja na lori. Baiskeli yenye karatasi inabaki, isiyo na karatasi inaenda."

"Na nani Otonglo ana karatasi ya baiskeli?"

Benchi zima lilicheka, kicheko kisicho na raha. Mmoja alisema yake aliachiwa na baba, naye aliachiwa na kaka yake. Mwingine alisema yake ilikuja na shemeji, mwaka ambao shemeji alihamia Migosi akaanza kujiona. Hizi baiskeli za Blakmamba zilirithiwa kama vigoda. Risiti zilikwisha kuliwa na mchwa kabla ya wenye baiskeli kuzaliwa.

Nakhumicha aliliona hilo. Aliyeutunga uongo huu hakuwa mgeni. Uongo ulikuwa umepimwa kama suruali ya fundi, ukawakaa watu hawa na hawa tu.

"Nani alikuambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Aii, Madam. Watu ni watu."

Akabadilisha swali. "Sawa. Ulikuwa umekaa wapi ulipoisikia?"

Hilo Dalmas alilijibu bila kufikiri. "Kwenye matanga ya Mzee Ouma, Kisian. Hema la waendesha baiskeli. Nilikuwa nakula."

"Mimi pia," akasema wa kwanza benchini.

"Hata sisi," wakasema wengine.

"Matanga yalikuwa lini?"

"Si Jumamosi hii iliyopita, ile ya kabla yake."

"Na mpira uliwekwa Jumatano iliyofuata," akasema Nakhumicha. "Kwa hiyo mlianza kuuogopa siku nne kabla haujafika. Nani alikuwa hemani?"

"Sisi. Jakom Griffins, akigawa chai. Na yule Mhindi wa hadiwea, Pradip. Alileta saruji ya kaburi." Dalmas alipunguza sauti, na benchi zima likasogea karibu. "Na usiseme ni mimi, lakini malori yake ndiyo yanakosa mahali pa kushusha tangu hii njia ichorwe."

*

Duka la vifaa vya ujenzi la Pradip lilitazamana na sanduku. Pradip mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta akipima misumari, miwani kwenye paji la uso.

"Ulikuwa matanga ya Mzee Ouma," akasema Nakhumicha.

"Ndiyo. Alinibebea mizigo miaka ishirini na mbili. Nisiende?"

"Njia ya baiskeli inazuia malori yako."

"Inazuia sana."

"Ikifutwa utafurahi."

Pradip aliweka misumari chini. "Madam, toka nje uangalie ukuta wangu. Unaona nini?"

Hakuhitaji kutoka. Kupitia mlangoni zilionekana baiskeli tisa zimeegemezwa, moja ikifungiwa mabati, nyingine ikipakiwa mabomba marefu kuliko upana wa njia yenyewe.

"Lori linakuja kwangu mara mbili kwa wiki," akasema Pradip. "Hao wanakuja kila dakika. Ukiondoa baiskeli, nani atanipelekea bati Kisian? Wewe? Wiki hii wote wanapita nyuma, kwa kinu. Wateja wangu wanaingilia upande wa choo! Nani amewafukuza mbele yangu? Na mimi nakuuliza wewe."

"Ulijua lini kuhusu hesabu?"

Alivuta droo, akatoa barua. Ilipigwa muhuri Jumatatu, ikasainiwa kupokelewa Jumanne, siku moja kabla ya mpira kuwekwa. Nakhumicha aliisoma mara mbili. Mara ya pili kidole chake kilisimama katikati.

"Hapa inasema siku kumi."

"Ndiyo, kumi. Leo si ndiyo ya mwisho?"

"Benchi la Dalmas linasema kumi na nne."

"Benchi la Dalmas," akasema Pradip, "lilisema mwaka jana mimi nimekufa."

Nakhumicha aliikunja barua, akatoka nayo bila kuaga. Tanvi alikuwa amekaa kivulini, anakula mahindi ya kuchoma.

"Injinia. Kuna wakati ilikuwa siku kumi na nne?"

Tanvi aliacha kutafuna. "Mwanzoni, ndiyo. Jumatatu asubuhi ofisi ikapunguza, kwa sababu sanduku linatakiwa kwingine. Barua zote zilisema kumi. Wewe umejuaje?"

"Kabla ya Jumatatu ulimwambia nani hapa Otonglo?"

"Sikumwambia mtu." Akafikiri. "Isipokuwa Ijumaa. Nilikuja kuuliza pa kupigilia mpira. Huwezi kupigilia misumari kwenye stendi ya baiskeli bila kuuliza mwenyewe. Tulikuwa wawili tu, mimi na mwenyekiti."

"Mwenyekiti yupi?"

"Wa baiskeli. Jakom Griffins."

*

Saa kumi jioni kioo kilisoma hamsini na mbili, baada ya kutoa zile tano. Nakhumicha hakumfuata Griffins nyumbani. Alimtuma Maryanne amwite kwa Dalmas, mbele ya benchi, na Maryanne alipomwita mtu, nusu ya soko ilisikia. Griffins alipofika palikuwa hapana pa kukanyaga. Wauza nyanya walikuwepo, kinyozi alikuwepo, na mteja wa kinyozi akiwa amenyolewa upande mmoja.

Griffins alikuwa mtu mnene mwenye tabasamu, kofia ya mwenyekiti kichwani. Alikuja na pikipiki.

"Jakom, nisaidie," akasema Nakhumicha. "Wewe ndiye mkubwa wa baiskeli. Hii hesabu ni ya siku ngapi?"

"Kumi na nne," akasema Griffins. "Hata mtoto anajua."

"Mtoto anajua kwa sababu aliambiwa. Wewe ulijua kwa nani?"

"Kwa barua."

Nakhumicha alimpa Dalmas barua ya Pradip. "Soma kwa sauti."

Dalmas alisoma. Siku kumi. Watu wakatazamana. Mwingine akainyakua barua akasoma mwenyewe, kisha akaipitisha, nayo ikaenda mkono kwa mkono kama chapati.

"Hakuna karatasi hata moja Otonglo yenye kumi na nne," akasema Nakhumicha. "Huyu injinia alikwambia wewe peke yako, Ijumaa. Jumamosi uligawa chai Kisian. Ulimgawia nani chai bila hadithi, Jakom?"

"Ni uvumi tu. Watu wanaongea."

"Mimi uliniongezea sukari," akasema Dalmas polepole. Sauti ilikuwa imembadilika. "Ukaniambia, 'Fundi, na ile ya babako ina karatasi?' Nikadhani unanihurumia."

"Na mimi," akasema mwingine.

"Na mimi," akasema Maryanne. "Matanga ya rafiki yetu, Griffins! Ulinishika bega ukataja baiskeli ya Wechuli!"

Nakhumicha alisogea hadi ukutani, akaushika ule ubao mkubwa, akaugeuza. Rangi ya manjano ilikuwa mbichi bado pembeni: STENDI YA PIKIPIKI OTONGLO, na mshale ukielekeza kwenye njia ya baiskeli.

"Nani aliacha huu hapa?"

"Yeye," akasema Dalmas. "Alisema ni siri, nisiufunue mpaka wiki ijayo."

Griffins hakukimbia. Alivua kofia akajipepea.

"Haya. Na mtafanya nini?" akasema. "Pikipiki ziko arobaini, hazina pa kusimama, zinapigwa na jua. Ninyi na vyuma vya babu zenu mmepewa barabara nzima. Nimesema uongo? Kuna kosa gani la kusema uongo kwenye chai? Afande nikamate! Hawezi, hata si afande." Alitazama saa. "Saa kumi na nusu hii. Siku tisa mmepita nyuma kwa miguu yenu wenyewe. Sikumshika mtu baiskeli. Namba ndiyo hiyo, na haipandi."

Alikuwa amesema kweli katika hilo, na walijua.

"Haihitaji kufika mia tatu," akasema Nakhumicha. "Injinia, waambie kanuni yako."

Tanvi alipanda juu ya benchi. "Leo ikizidi mia moja tisini na mbili, hesabu yote inatupwa. Naanza upya, na njia haiguswi. Sasa niko hamsini na mbili. Nafunga saa kumi na mbili kamili. Na mtu asipite mara mbili! Nitasimama pale. Nikiona mmoja anazunguka, nazima mwenyewe."

"Na lile sanduku," kinyozi akauliza, "halisomi chuma? Kweli?"

"Halijui hata kama wewe ni baiskeli au ng'ombe, Baba. Linajua kukanyagwa tu."

Hata hivyo hawakusogea. Hofu ya siku kumi na tatu haiondoki kwa neno moja la mtu wa ofisi. Walisimama na baiskeli zao, wakiangalia mpira ule mweusi uliolala njiani umetulia. Griffins alianza kutabasamu tena.

Maryanne aliishika baiskeli ya Wechuli. Aliirudisha nyuma hatua thelathini, akapanda, akaja katikati ya njia, si pembeni, kikapu kinaruka nyuma yake, kidole kwenye kengele.

"Haina karatasi!" alipiga kelele. "Mnasikia? Haina karatasi hata moja! Anayeitaka aje anishushe!"

Magurudumu yaligonga mpira, tap tap. Tanvi akainua kidole kimoja juu.

Dalmas aliacha beseni. Alichukua Blakmamba ya baba yake, akapita nayo ikiwa na pancha, ukingo wa gurudumu ukilia juu ya lami. Kisha yule wa suti na cherehani. Kisha mikate, magodoro, mabomba ya Pradip yakiyumba, na Pradip mlangoni akipiga kopo la rangi kwa nyundo. Watu waliokuwa wanakunja kushoto kwa kinu walizuiwa na wauza nyanya waliopanga masanduku yao tupu kwenye kijia: "Mbele! Pita mbele kama mtu!" Mfanyakazi mmoja aliyetoka zamu hakujua lolote, alidhani ni harusi, akapita akipunga mkono.

Nakhumicha alisimama upande wa Kisian akiwazuia waliotaka kurudi. Alimshika kinyozi shati. "Umeshapita."

"Mara moja tu nyingine, Madam. Kwa raha."

"Mara moja tu ndivyo uongo wa Griffins ulivyoanza. Nenda kamalize kichwa cha mteja."

Saa kumi na mbili kamili Tanvi alizungusha ufunguo, kioo kikazimika. Aliandika kwenye fomu, akaisoma tena, akaipigia mstari chini.

"Mia nne na kumi na saba," akasema.

Kelele iliyopigwa Otonglo iliwashtua ng'ombe waliokuwa wakivushwa barabara. Griffins alikuwa anahangaika kuwasha pikipiki yake, ikikohoa. Dalmas alimletea ule ubao, akamfungia kwenye keria kwa ustadi wote wa fundi, uso wenye maandishi nje.

"Usisahau mzigo wako, Jakom."

Maryanne alikuwa ameuza samaki wote, kikapu kitupu. Aligeuza baiskeli kuelekea Kisian, na mbele yake mpira ulikuwa bado umelala.

"Sanduku limezimwa, Mama," akasema Tanvi. "Hii haitahesabiwa."

"Najua," akasema Maryanne, akapiga kengele, akapita juu yake.